Askari wa Pembeni Hana Mlinzi

Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tumalizane. Leo nina lori mbili za kubeba majani ya chai, nina duka la vifaa vya ujenzi hapo Kapsoit, na nina nyumba ya ghorofa ambayo sikuchorewa na mtu. Niliichora mwenyewe kwa kijiti kwenye udongo, fundi akafuata. Watu wenye digrii huja dukani kwangu kuomba kazi wakiwa wamevua kofia. Kwa hivyo nikisema kwamba kwenye chesi hakuna mtu, kuanzia Kericho mpaka Siongiroi, aliyewahi kunitia adabu isipokuwa mmoja, uniamini. Huyo mmoja alikufa miaka tisa iliyopita. Ninaandika habari zake kwa sababu haniachi.

Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai nilikoanzia kazi kama mpakiaji wa magunia. Mtu wa ziwa, mrefu, mafuta ya mashine yamemwingia mpaka kwenye mistari ya kiganja, hata akinawa vipi hayatoki. Aliniita "omera", yaani ndugu, siku ya kwanza tu, kabla hajajua ninaitwa nani. Mimi nilimwita "fundi" mpaka mwisho.

Yeye ndiye aliyenifundisha chesi, saa ya chakula, juu ya kreti lililopinduliwa. Na alinichapa. Mwaka mzima alinichapa, kwa sababu alikuwa na kitabu kizee kisicho na jalada kilichoandikwa jinsi ya kuanza mchezo: ukisogeza hiki, mwenzako anasogeza kile, wewe unajibu hivi. Alikuwa amekikariri chote. Hatua kumi, nimekwisha. Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Fundi, hii si akili. Hii ni shule. Wewe ulienda shule, mimi sikuenda, basi kila siku unanishinda kwa sababu ya shule!"

"Sasa unataka nisahau nilichosoma?"

"Nataka tuanze wote bila kujua."

Nikachukua kikapu cha kuchumia majani, nikatia ndani wakubwa wote wanane wa upande mmoja: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili. Nikavichanganya, nikavitoa kimoja kimoja bila kutazama, nikavipanga mstari wa nyuma kwa jinsi vilivyotoka. Upande wa pili tukapanga vilevile, ana kwa ana. Maaskofu wakitoka wote kwenye rangi moja, au mfalme asipokaa katikati ya ngome zake, tunavirudisha kikapuni. Basi. Kitabu chake kikawa karatasi ya kuwashia moto. Baadaye niliambiwa kwamba dunia nzima inaucheza mchezo huo na una jina lake na mashindano yake. Sawa. Lakini mimi sikumwibia mtu. Niliutoa kwenye kikapu, kwa mkono huu.

Kuanzia hapo tukawa sawa. Jumapili moja mimi, Jumapili nyingine yeye. Jumamosi hakuwa anacheza, kwa sababu kanisa lao ni la Jumamosi. Na pesa hatukuwekeana, kwa kuwa wote tulikuwa watu wa kanisa. Tuliwekeana amri. Anayeshindwa anatii jambo moja ambalo mshindi ametaja kabla ya mchezo, na amri ya kikapu haina rufaa. Aliwahi kuniamuru niende kanisani kwao Jumamosi nikae benchi la mbele na suti. Nikaenda. Wakanikaribisha kama kondoo aliyerudi, nikaona aibu kuwaambia nimeletwa na chesi. Mimi nilimwamuru anyoe masharubu aliyoyafuga tangu ujana, akanyoa, na mkewe akamcheka mwezi mzima. Aliwahi kuniamuru nijifunze kutia sahihi ya kweli, niache kuandika jina kwa herufi kubwa kama mtoto. Sahihi ninayotia leo kwenye hundi, ile ambayo mameneja wa benki wanaisifu, ni amri yake.

Alikuwa na tabia moja ambayo lazima niieleze. Kabla ya kusogeza chochote, alipitisha kidole juu ya askari wake wote wanane, kutoka kulia mpaka kushoto, akimgusa kila mmoja kichwani na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Nani anakulinda?" Huyu analindwa na malkia. Huyu na mfalme. "Na wewe, nani anakulinda?" Mafundi wa kiwanda ndivyo wanavyokagua: boliti hii imekazwa, ile imekazwa, ndiyo mashine iwashwe. Alisema kwenye mchezo wa kikapu hatari iko hapo hapo mwanzoni, kwa sababu kikapu hakijali. Kinaweza kukupangia safu ambayo askari mmoja hana mlinzi kabla hata hujagusa kitu. Watu waliomtazama walikuwa wakimwigiza. "Na wewe mama, nani anakulinda?" waliwauliza wauza mandazi. Yeye alicheka tu.

Kisha akaanza kukonda. Nilijua kutokana na mshipi. Alikuwa akipasha msumari moto na kutoboa tundu jipya, halafu baada ya wiki chache lingine, mpaka ule mkia wa mshipi ukawa unamfika mgongoni. Kikohozi nacho. Nikamwambia, "Fundi, twende hospitali." Akaniambia ni vumbi la chai. Mkewe akamwambia, akasema ni vumbi. Lakini mimi nilijua kinachomzuia, kwa maana alinisimulia zamani: kaka yake mkubwa aliingia hospitali kwa miguu yake, akichekesha watu kwenye foleni, akarudishwa kwenye sanduku. Tangu siku hiyo yeye hata kumtembelea mgonjwa alikuwa anasimama nje ya geti na kutuma maembe.

Jumapili moja, wakati huo nimeshanunua lori langu la kwanza, nilimkuta mlangoni mwa ukumbi wa wafanyakazi, amebeba bodi kwapani. Nikamwambia amri yangu hapo hapo, watu wasisikie. "Nikishinda leo, kesho asubuhi unapanda lori langu mpaka hospitali Kericho. Hakuna vumbi, hakuna nini."

Alitazama viatu vyake. "Na nikishinda mimi?"

"Taja."

"Nikishinda, usinitajie hospitali tena mpaka mimi mwenyewe nikutajie."

Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa na joto.

Siwezi kusahau safu iliyotoka kikapuni siku hiyo. Kutoka kushoto kwangu: askofu, malkia, ngome, farasi, mfalme, ngome, farasi, askofu. Maaskofu wamekaa kwenye pembe mbili kama wazee wa kanisa waliokosana. Ukumbi ulijaa. Mvua ilikuwa imekatiza mpira, wapakiaji na wachumaji wakaingia wote, na wewe unanijua sasa, mimi nikiona watu ninakuwa na mabawa. Nilikuwa na vipande vyeupe. Nikaongea. Nikamwambia huyu ajifunze, nikamwambia yule asogee anaziba mwanga. Nikafika mahali nikaficha mfalme, ile hatua ambayo mfalme na ngome wanasogea kwa pamoja, ambayo kwenye mchezo wa kikapu hutoka kwa kituko: mfalme wangu aliruka akaketi kabisa kwenye kiti cha ngome, na ngome ikahamia ubavuni pake. Nilifanya kwa mikono miwili, kwa madaha. Ukumbi ukalipuka.

"Huyo mzee ameiba kiti!" mmoja akapiga kelele.

"Bosi ni bosi!"

Nikasimama, nikainama kwa watu kama mwanasiasa. Nilipoketi tena, fundi alikuwa ananitazama. Hakutazama bodi. Alinitazama mimi, muda mrefu, halafu akatazama chini na kuanza kucheza. Baada ya hatua kumi na moja mfalme wangu alikuwa amefungwa kwenye kile kiti cha kuiba.

Nami nilitii. Sikutaja hospitali. Mimi ni mtu wa neno langu, hiyo kila mtu anaijua. Nilimwona akitoboa mshipi tundu lingine nikanyamaza. Mwisho akaenda kwao, kupita Soin, chini huko kwenye joto. Akafia nyumbani, hajataja.

Miaka yote hiyo nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilisema ni kikapu. Nilisema safu ile ilikuwa mbovu, ilinitupa kabla sijaanza, hata bingwa wa dunia angeshindwa nayo. Niliyasema msibani, nikayasema dukani. Lakini mchana, nikiwa peke yangu ofisini nyuma ya mabati, nilikuwa nasikia kidole. Tok. Tok. Tok. Mara nane. Unaweza kuniambia ni bati linapanuka kwa jua. Mimi nauza mabati, najua bati linavyolia. Na wakati mwingine harufu ya mafuta ya mashine inaingia, ingawa sijawahi kuweka mafuta ya mashine dukani.

Mwaka huu shule ya kutwa iliyo karibu nasi iliniita mgeni wa heshima, kwa kuwa niliwaezekea madarasa mawili. Hapo nikamkuta mwalimu wa hesabu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anayefundisha watoto chesi. Alikuwa na kompyuta yenye programu ya kuchambua michezo. Pembeni mwa bodi kuna nguzo, nusu nyeupe, nusu nyeusi. Mwenye nafasi nzuri, rangi yake inapanda, kama kipimo cha maji kwenye boila.

"Hii inaweza kusema safu ya kikapu ni nzuri au mbaya?" nikamuuliza.

"Zote, mzee. Ziko mia tisa na sitini. Unaweka safu, inakwambia nani ana nafuu na aanze vipi."

"Mzee ni nani? Mimi nina hamsini na moja."

"Pole, kijana," akasema. Nikampenda.

Nikarudi nyumbani kutafuta mkebe. Fundi alikuwa ameandika kila mchezo wetu nyuma ya stakabadhi za kupimia majani, mwandiko mdogo wa fundi, na baada ya mazishi mkewe alinipa mkebe wote. Sikuwahi kuufungua. Ile ya mwisho ilikuwa juu.

Nilimpelekea mwalimu baada ya masomo. Akaingiza safu, akaingiza hatua ya kwanza. Kompyuta ikakataa hapo hapo. Haiwezekani, ikasema, hicho ni kipande cha mweusi.

"Unaona?" nikasema. Moyo wangu uliruka, sitaficha. "Mchezo mzima ulikuwa na kasoro! Kikapu kilituchezea."

Mwalimu aligeuza ile stakabadhi huku na huku. "Huyu alikuwa anahesabu mistari kuanzia wapi?"

Nikafikiri. Halafu nikajua, na nikatamani nisingejua. Kwenye shamba la chai mistari inahesabiwa kuanzia barabarani. Mstari wa kwanza ni ule ulio karibu na barabara, haijalishi wewe umesimama wapi. Na fundi kila Jumapili alikaa upande wa mlango, unaotazama barabara. Alikuwa amehesabu bodi kama shamba, kuanzia upande wake, wa vipande vyeusi.

"Igeuze," nikasema.

Akaigeuza. Kila hatua ikaingia.

Sasa nakueleza kilichosemwa na mashine, polepole, kwa sababu mimi mwenyewe ilinibidi nionyeshwe mara tatu. Kwanza, safu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa na nafuu, na nafuu ilikuwa yangu. Katika safu ile askari wa pembeni kabisa, yule wa mkono wa kushoto wa fundi, hana mlinzi tangu mwanzo. Hata mmoja. Na malkia wangu, nikisogeza tu askari aliye mbele ya ngome ya kushoto, anapata dirisha la mshazari mpaka kwa huyo askari. Kompyuta ilisema huo ndio mwanzo mzuri kuliko yote. Nami ndivyo nilivyoanza! Bila kitabu, bila shule. Nilimwambia mwalimu, "Andika hiyo. Andika kwamba darasa la tano lilijua."

"Ulijua kweli," akasema. "Naye alijibu sawasawa. Ona, alitoa farasi mara moja kwenda kumlinda."

Farasi huyo alikaa hapo, anamlinda askari wa pembeni na pia amemzibia njia askofu wangu wa kona. Hatua baada ya hatua hakutikisika. Mimi naleta hiki, naleta kile, farasi yuko lindoni. Nguzo iko karibu nusu kwa nusu.

Hatua ya tisa ya fundi, nguzo ikaruka. Ikawa nyeupe mpaka juu.

Mwalimu akavua miwani. "Hapa kuna kitu sielewi. Ameondoa farasi. Hakushambuliwa, halazimishwi, amemrudisha nyuma tu, bila kazi. Ukimla huyo askari kwa malkia, na askofu wako sasa amefunguka, mchezo umekwisha. Mtoto wangu wa kidato cha kwanza angeona." Akanitazama. "Huyu rafiki yako alikuwa na kawaida ya kukosea hivi?"

Nikamwambia kamwe. Nikamwambia habari ya kidole.

Na nilipokuwa nikimwambia ndipo ikanirudia, yote, na nilitamani ardhi inimeze pale kwenye kiti cha plastiki. Hatua ile alipitisha kidole kama kawaida. Kulia, kuelekea kushoto. Alipofika kwa askari wa mwisho, hakukiondoa. Kidole kilikaa juu ya kichwa cha yule askari. Na akauliza, si kwa sauti ya chini, kwa sauti niliyoisikia vizuri katikati ya kelele: "Na wewe, nani anakulinda?" Halafu, kidole cha mkono wa kushoto kikiwa bado pale, mkono wa kulia ukaondoa farasi.

Nilisikia. Nilidhani anafanya mzaha wa watu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kunyanyua mikono miwili, ya madaha, nikaficha mfalme.

"Labda alichoka," mwalimu akasema. Mama mwema. Alizima kompyuta bila kuniuliza.

Wiki mbili sikufungua duka kwa mkono wangu. Kisha nikashuka Soin, nikapita, mpaka kwa mjane wa fundi. Nilimkuta anaanika mahindi kwenye turubai. Tulisalimiana vizuri, akanipa kiti kivulini, akaendelea kusambaza mahindi kwa mguu.

"Shemeji," nikasema, "nimekuja kuuliza kitu kuhusu ile Jumapili. Tuliyocheza mara ya mwisho."

Mguu ukasimama.

"Alikwambia tuliwekeana nini?"

"Aliniambia asubuhi," akasema. "Alisema, leo yule mtu wako wa majivuno ataniamuru hospitali, namwona machoni. Nikamwambia, basi si uende tu, mpaka uamriwe? Akasema, mama, nikienda mwenyewe nitaogopa njiani nirudi. Lakini amri ya kikapu hairudi."

Aliinama akatoa kijiwe kwenye mahindi, akakitupa.

"Alipanga begi. Yeye mwenyewe. Taulo, sabuni mpya, kitambulisho, slipasi. Akaliweka nyuma ya mlango. Mimi nikamchemshia maji ya kuoga ya kesho yake nikayaweka kwenye thamosi, nikijua ataondoka mapema na lori lako."

Nikainama, nikaanza kuokota vijiwe kwenye mahindi pamoja naye.

"Akarudi jioni," akaendelea. "Hakuvua viatu. Akachukua begi, akalifungua, akanirudishia sabuni mkononi. Nikamuuliza, ulishinda? Akasema, nilishinda."

Kuku walikuja kwenye turubai, akawafukuza. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama anavyouliza bei ya kitu, "Shemeji, wewe hukuona?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nilikuwa nawatazama watu.

Aliitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akakaa huko kidogo, akarudi na chai. Ilikuwa na maziwa mengi, kama anavyojua nakunywa. Nikainywa yote.

Siku hizi nikiulizwa dukani habari za kikapu, sisemi tena kikapu kilinitupa. Nasema nilishindwa kwa akili yangu mwenyewe, na wanacheka wakidhani natania, kwa kuwa hawajawahi kunisikia nikisema hivyo. Mwalimu aliniwekea programu kwenye simu. Mchana, wateja wakipungua, naipangia safu ile ile: askofu, malkia, ngome, farasi, mfalme, ngome, farasi, askofu. Nasogeza mpaka hatua ya tisa. Farasi anaondoka. Namla askari wa pembeni kwa malkia, nguzo inakuwa nyeupe yote, nami nasubiri.

Mashine inajibu upesi, haina shida nayo. Lakini nyuma yangu, kwenye mabati, kidole kinaanza tena upande wa kulia. Nahesabu. Kikifika kwa wa nane, kinakaa.

Asubuhi moja juzi mke wangu aliona nashika kifua nikipanda ngazi za ile nyumba niliyoichora mwenyewe. Akasema twende tukapimwe. Mimi, ambaye najisifu hata kidonge cha malaria sijawahi kumeza, nilichukua kofia. Aliniuliza kwa nini sijabisha. Nikamwambia ni amri.

"Ya nani?" akasema.

Nikamwambia apande gari, tutachelewa foleni.